Kichwa ya Zéphirin

Chupa ya mafuta ya mawese ilipasuka mu soko ya Albert, siku ya posho, njo Jumamosi, saa ile bantu banasongana sawa kunde mu mufuko. Mwenye chupa hakuiangalia. Mikono yake yote mbili ilikuwa imekamata kofia.

Mwenye kosa alikuwa Nkandu, binti ya muzee Kalaba. Kikapo ya samaki ya kukauka, yenye alibeba ku kichwa, njo iligonga ile kofia. Siku ile alivaa libaya ya maua nyekundu na bikwembe mbili, moja ya kujifunika, moja ya kujionyesha.

«Bwana, mafuta inamwangika, na we unashika kofia?»

«Mafuta inauzishwaka,» mwanaume akajibu. «Kichwa haiuzishwake.»

Nkandu akacheka, akamuangalia muzuri. Mwanaume murefu, viatu ya rangi mbili, suruali ya kupigwa pasi mpaka inaweza kukata mukate. Jina yake Zéphirin, mutu wa Sakania, anatumika kazi ku reli. Kofia yake ilikuwa ya feutre, sufu nzito, imeshuka mpaka ku masikio, na jua ya Élisabethville siku ile ilikuwa ya kupika mayai.

Bakaanza kutembea pamoja. Ye anamuita Nkandu «sukari yangu», Nkandu anamuita «Bwana Kofia». Lakini mapenzi ikakua, na kofia haikutoka. Ku dansi, iko ku kichwa. Ku misa, Zéphirin anasimamaka inje ya mulango, anasema ndani inakosa hewa. Siku moja Nkandu alinyoosha mukono kwa muchezo, akakamatwa kiganja kwa nguvu, na muchezo ikaisha. Siku ingine aliona ku kola ya chemise ya Zéphirin alama ya manjano na damu kidogo. Akanyamaza. Mwanamuke mwenye kunyamaza, mumuogope.

Shangazi yake, Ma Mwansa, alikuwa na macho ya kupita mufuniko ya chungu. Akamuita kando.

«Mutoto yangu, kwetu mwanaume akifiwa na bibi, mke wake, banamunyoaka kichwa. Na kama bandugu ya marehemu habajamusafisha, kifo ingali ku mwili yake. Mwanamuke mwenye atalala naye, atamufuata marehemu mu udongo. Sasa ule wako wa Sakania, nani anamujua? Chini ya kofia kuko nini?»

Nkandu akauliza Zéphirin kama alikuwaka na bibi. Akajibu mbio: hapana. Nkandu akawaza, mbona amejibu mbio? Kama angejibu polepole, angewaza, mbona anapika maneno?

Siku ya mungu, Jumapili, Zéphirin akakuya na bazee wawili, kumuomba Nkandu kwa baba yake. Mukwe anavulaka kofia ku mulango, anachuchumaa, anapiga makofi ya heshima. Zéphirin alichuchumaa vizuri. Makofi alipiga vizuri. Kofia, hapana.

Muzee Kalaba akangoja. Kisha akasema, «Mutoto yangu, vula kofia.»

«Baba, munisamehe. Siwezi.»

Bazee wawili bakaangalia chini. Muzee Kalaba akasimama, akawashukuru kwa safari yao, na safari ikaisha palepale. Nkandu akamukimbilia ku njia.

«Bibi yako alikufa lini?»

«Bibi gani?» Zéphirin akamuangalia sawa mutu mwenye amepigwa kofi, akaenda zake.

Siku ya posho yenye kufuata, Nkandu akamufuata kwa siri mpaka mu mutaa ya Kenya. Zéphirin akaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba moja, Nkandu akachungulia mu matete ya ukuta. Ole! Kofia iko ku kiti. Kichwa ya Zéphirin iko ku magoti ya mwanamuke, mutu wa Kasai, mwenye heleni za zahabu, na vidole ya ule mwanamuke inatembea mu nywele. Kwetu kichwa ya mwanaume inashikwaka na mama yake ao bibi yake. Kama angewakuta ku kitanda, wangepata ata maneno ya kujitetea.

Akasukuma mulango. Zéphirin akaruka, akatafuta kofia, lakini kofia ilikuwa tayari mu mukono ya Nkandu.

Njo akaona. Nywele hazikunyolewa. Toka shingo mpaka katikati ya kichwa ilikuwa bipele: ingine nyekundu, ingine na usaha, ingine kubwa sawa kunde. Nyuma kulikuwa makovu magumu, pale nywele imekataa kuota.

Mwanamuke, jina yake Madeleine, hakusimama. Alikuwa na kitambaa ya maji ya moto mu mukono. Akaeleza bila haraka: marehemu bwana yake alikuwa na kichwa ya namna ileile, njo alijifunza. Kitambaa ya moto, sabuni laini, dawa ya kiberiti ya ku dispensaire. Hakuna kuminya, hakuna wembe, hakuna mafuta ya pomade. Inapoa, inarudia. Neno moja tu Zéphirin anakataa kusikia: kofia njo inapika ile bipele.

«Inauma?» Nkandu akauliza.

«Siwezi kuweka kichwa ku muto. Ku camp ya batu ya reli, kinyozi aliona, akasema ni ukoma. Benzangu bakaacha kula na mi. Nikasema, ukiona, utakimbia.»

«Na mi nilifikiri unataka kuniua. Afazali ungenionyesha bipele.» Akageukia Madeleine. Nkandu alikuwa angali anaangalia zile heleni. «Na we mama, haukuwa na kiti, mpaka magoti?»

Madeleine akacheka. «Kaa pa nafasi yangu, mama. Magoti yenyewe imechoka.»

Nkandu akakaa. Zéphirin akalaza kichwa polepole, sawa mutu anaweka mayai.

Siku ya mungu Zéphirin na wale bazee wawili bakarudi kwa muzee Kalaba. Zéphirin akavula kofia ku mulango, akachuchumaa. Ma Mwansa akamuzunguka, anatafuta alama ya kunyolewa, akakosa, na ilimuuma kukosa.

Muzee Kalaba akauliza kama inaambukiza. Hapana, baba. Akauliza kama itaisha.

«Baba, sijui. Inapoaka, inarudiaka.»

Muzee akageukia wale bazee wawili. «Na kichwa ya namna hii, nani ataitunza?»

Binti mwenye anaombwa hafunguake kinywa siku ile. Anakaaka mu jikoni, anasikiliza, anajifanya anapika.

«Ni mi,» sauti ikatoka mu jikoni.

Bazee bakakohoa. Ma Mwansa akajifunika uso na kikwembe. Muzee Kalaba akaangalia mulango ya jikoni, akaangalia kile kichwa, akapumua.

«Mumesikia benyewe,» akasema. «Na hatujamuuliza bado.»