Aliyetangulia Mbele ya Ramona

Yanaba alikuwa binamu yake mama yangu. Ugomvi wake na mdogo wake Altsoba ulianza mchana kweupe, watu wanachuna kondoo, wanacheka, kisa kidani.

Kidani chenyewe alikitengeneza mama yao kwa mikono yake. Alisugua feruzi na makombe juu ya jiwe la mchanga, akatoboa punje za shanga moja moja kwa keekee ya mkono, akatunga. Mwisho akafunga fundo lake la mkono wa kushoto, fundo ambalo hakuna mwingine aliyeliweza. Alipozidiwa aliwaita binti zake. "Mnizike nacho," akasema. "Msije mkagombania shingo yangu."

Wakagombana hata roho haijatoka.

"Mwanao anakaribia kuvunja ungo," Altsoba akasema, "ndiyo maana macho yako hayabanduki kwenye kidani."

"Na wewe umezaa madume matupu," Yanaba akajibu, "ndiyo maana inakuuma."

Maana kwetu binti akivunja ungo hukimbia kila alfajiri kuelekea jua linakotoka, kavalishwa feruzi na makombe ya ukoo. Vijana hukimbia nyuma yake wakipiga kelele. Kumpita ni mwiko. Sasa Ramona, bintiye wa pekee, akimbie shingo tupu watu wanamtazama? Hilo Yanaba lilimkaa kooni.

Mama yao alifia kwenye kibanda cha nje, kama inavyotakiwa, ili nyumba isiingie mkosi wa kifo ikabidi iachwe. Yanaba akaomba amvalishe yeye. Akashusha blanketi la mlangoni. Akamvika viatu, cha kushoto mguu wa kulia, cha kulia mguu wa kushoto, marehemu asiijue njia ya kurudi. Halafu akatoa kisu.

Fundo hakuligusa. Alikata uzi upande wa pili, akazimwaga punje za mama mfukoni, akatunga punje zake mwenyewe, zile mbovu alizotoboa akijifunza kazi, kisha akaunga alipokata kwa fundo lake mwenyewe. Maiti hufuata uzi na mkono uliofunga, alijiambia, hafuati punje. Nikizitunga kwa uzi mpya, ni kitu kipya.

Mama akazikwa kwenye ufa wa mwamba, shingoni ana uchafu wa Yanaba.

Theluji ilipoanguka, Ramona akavunja ungo. Altsoba alikuja kusaga mahindi ya keki ya ngoma. Akamwona mtoto, mikono ikasimama juu ya jiwe.

"Dada. Hicho kidani nakijua."

"Nimetengeneza mwenyewe. Uzi mpya huo, huoni?"

"Uzi naona."

Alfajiri ya kwanza Ramona akarudi anahema. "Mama, kuna mtu kanipita."

"Nani huyo? Nitamkata masikio."

"Simjui. Kajitanda blanketi. Nikiongeza mbio, yeye yuko mbele tu."

Wana wa Altsoba wakaapa hakuna aliyempita. "Labda sungura, mama mkubwa," mmoja akatania. Watu wakacheka. Yanaba akatoka kutazama. Nyayo za vijana zilikuwa nyuma, zimevurugana. Mbele yake za Ramona. Na mbele ya Ramona zilikuwepo nyingine, za mtu mzima, hazina haraka. Zilikuwa za viatu, na upande wa kidole gumba ulikuwa nje. Miguu yote miwili.

Akazifuta kwa sketi yake. Kusimamisha ngoma ni kumpa Altsoba ushindi.

Alfajiri ya pili Ramona alichelewa. Hakuhema. Mikono ya baridi. "Anasema nisichoke," akanong'ona. "Anasema tunakaribia."

Alfajiri ya tatu vijana wakamrudisha wamembeba.

Mganga akaletwa, mzee wa nyimbo. Akamtazama mtoto. Kidani hakukigusa. "Mtu wa nyumba hii ana kitu cha mfu," akasema. "Aseme mbele ya wote, nijue nianzie wimbo gani. Asiposema, naimba hewani."

Moto unapasuka.

Altsoba akamsogelea dada yake, mdomo sikioni. "Sema, dada. Sitacheka."

Yanaba akamtazama. Akaona kama anacheka tayari.

"Sina la kusema."

Jua likiwa utosini akamvua mtoto kidani, akaenda peke yake kwenye mwamba. Akakisukuma kati ya mawe bila kuangalia ndani. "Chako hicho, mama. Niachie wangu." Akarudi mbio.

Akamkuta Ramona kakaa, anakula uji wa mahindi. Joto limeshuka. Yanaba akapiga magoti, akalia. Ndipo akaiona shingo.

Punje zilikuwa zake Yanaba, zile za kujifunzia, alizomzika nazo mama. Udongo umejaa matunduni.

"Nani kakuvalisha?"

"Bibi. Kasema vyako kakurudishia. Vyake anakuja kuchukua."

"Vyake nimeshampelekea, mwanangu. Sasa hivi tu."

"Nilimwambia." Ramona akalamba kijiko. "Akacheka. Akanibadilisha viatu."

Yanaba akafunua blanketi. Cha kushoto kilikuwa mguu wa kulia.

Akavivua. Akavitupa motoni. Sasa akapiga kelele, akasema yote, mbele ya mganga, mbele ya Altsoba, kisu, punje, kila kitu. Altsoba hakucheka. Mganga akaanza kuimba, lakini jua lilikuwa limeshainama.

Kabla hakujakucha Ramona akaacha kupumua, mle mle ndani.

Kwa ada ya aliyefia ndani, ikabidi ukuta wa kaskazini uvunjwe, atolewe hapo, nyumba iachwe. Mpaka leo imesimama na tundu lake, hata mbuzi hawaingii. Kidani cha Yanaba walikikuta sakafuni. Altsoba ndiye aliyekiinamia. Pale dada yake alipokata na kuunga, fundo lake halikuwepo. Uzi ulikuwa na mafundo mawili, yote ya mkono wa kushoto.

Na theluji ikianguka, wachungaji wanaowahi kutoka huziona nyayo kuanzia kwenye lile tundu, zinaelekea jua linakotoka. Kubwa mbele, ndogo nyuma. Kubwa zimevaa viatu. Ndogo ni peku.