Mchomeleaji Aliyefumba Macho

Mtaa mzima ulimwita Cheche. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma mbele ya nyumba, chini ya kipaa cha mabati. Alitengeneza mageti, madirisha, vitanda na stendi za matanki ya maji. Asubuhi ukisikia grenda inalia, ujue Cheche ameshakunywa chai.

Nyuma ya nyumba mkewe alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya, hoho na kabichi. Alikuwa amesoma kozi fupi ya kilimo kwenye chuo cha ufundi, ng'ambo ya barabara kuu. Huko alijifunza kumwagilia kwa matone. Unaweka tanki juu, unatandaza mipira myembamba yenye matundu, na maji yanashuka polepole mpaka kwenye mizizi. Miche ilinawiri hata Cheche, ambaye hakuwa mtu wa kusifu mboga, akawa anasimama kuitazama.

"Na wewe nenda kasome," mkewe alimwambia.

"Nikasome nini, mama? Ufundi ama unao mkononi, ama huna."

Stendi ya tanki la kitalu aliichomelea mwenyewe, kwa namna aliyoizoea. Alivaa miwani yake ya jua. Akachomelea. Akausaga mshono kwa grenda mpaka ukawa laini, kisha akapaka rangi ya buluu. Ungepitisha kidole usingejua palipoungwa. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya fundi.

Mchana mmoja tanki lilikuwa limejaa pomoni. Mkewe alikuwa ameinama chini yake, anazibua mpira. Akahitaji pini, akaenda kuitafuta ndani. Alikuwa ndio kwanza anavuka kizingiti, stendi ikakatika. Tanki likaanguka pale pale alipokuwa ameinama. Maji yakabeba miche, udongo na ndoo mpaka kwa jirani.

Cheche alitoka mbio. Akamkuta mkewe mlangoni, akamshika mabega kwa mikono yote miwili.

"Mimi mzima," mkewe alisema. "Mzima kabisa. Niachie basi, baba, unaniumiza."

Cheche hakuachia. Alijua ni nani aliyeunga stendi ile.

Maji yalikuwa yameingia jikoni kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mkufunzi wa uchomeleaji pale chuoni, mwanamke mrefu wa maneno machache. Mtaani walimwita Mwalimu. Alikuja na ufagio mkononi, tayari kwa ugomvi. Alipoona tanki lilipolala, akauweka ufagio chini.

"Poleni jamani. Kuna aliyeumia?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Tumshukuru Mungu." Akachuchumaa, akaokota mguu wa stendi uliokatika, akaugeuza kwenye jua. "Njoo uone, fundi."

Ndani ya kiungo mlikuwa na kutu ya zamani. Hata rangi ya zamani ilikuwamo. Ni ukingo mwembamba tu wa juu ndio ulioyeyuka.

"Vyuma hivi havikuwahi kuungana," Mwalimu alisema. "Viligusana tu. Hukusafisha kutu, na moto haukuingia ndani. Halafu ule mshono mdogo ulioshika, ukausaga."

"Niliusaga upendeze."

"Ukapendeza kweli. Lakini nguvu yake yote iliondoka na vumbi la grenda."

Cheche akapandwa na hasira. "Mwalimu, mimi kazi hii nimeianza wewe bado unavaa sare za shule!"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Unapochomelea, unaona nini?"

"Naona mwanga."

"Baada ya mwanga?"

Cheche alitazama chini. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyokuwa kila siku.

"Baada ya mwanga nafumba," alisema kwa sauti ndogo. "Unaumiza. Nasikiliza mlio tu."

"Baba!" mkewe alimaka. "Kumbe miaka yote hii unachomelea umefumba macho?"

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Na jioni macho yanachoma, kama yameingia mchanga?" Mwalimu aliuliza.

"Yanachoma. Mama ananiwekea vipande vya viazi."

"Viazi vinapoza tu, havitibu. Mwanga ule unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi, ila wenyewe ni mkali zaidi, na maumivu yake huja baadaye. Miwani ya jua haiuzuii. Kwanza nenda hospitali wakupime. Ukipona, njoo chuoni."

"Nikakae dawati moja na watoto?"

"Kuna darasa la mafundi walio kazini. Wanakuja jioni na mafuta yao mikononi. Hawaulizwi umri, wanaulizwa mshono."

"Ujuzi hauzeeki, baba," mkewe alisema. Kisha akaongeza, taratibu, "Mimi sisimami tena chini ya stendi yako mpaka uende."

Maneno hayo yalimchoma Cheche kuliko moto wowote. Mke wake mwenyewe alikuwa anaiogopa kazi ya mikono yake. Na alikuwa na haki ya kuiogopa.

Daktari wa macho alimpa dawa, akamkataza kuusogelea moto mpaka apone. "Una bahati," alimwambia. "Ungeendelea hivi, ungekuja kwangu umeshikwa mkono." Grenda ikakaa kimya siku hizo zote, na mtaa ukashangaa.

Siku ya kwanza chuoni Mwalimu alimpitisha kwenye karakana ya majokofu. Msichana aliyevaa ovaroli alikuwa ameligeuza jokofu, mgongo wa jokofu ukitazama watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Limekufa hilo?"

"Linafanya kazi, mzee. Weka mkono huku nyuma, kwenye bomba hili jembamba."

Cheche akaweka, akauondoa haraka. Palikuwa pa moto. Msichana akafungua mlango. Ndani maji yalikuwa yanaanza kuganda.

"Jokofu halitengenezi baridi," alisema. "Linatoa joto lililomo ndani ya maji, linalileta huku nje. Joto uliloshika hapo lilikuwa ndani ya maji haya."

Cheche akarudisha mkono kwenye bomba, safari hii polepole. Maisha yake yote alikunywa maji baridi bila kujiuliza joto lake limekwenda wapi. Sasa alikuwa amelishika.

"Makubwa haya," alisema.

Katika karakana ya kuchomelea kila mtu alikuwa na kibanda chake chenye pazia zito, ili mwanga wake usiwaumize wenzake. Mwalimu alimpa koti la mikono mirefu, glavu za ngozi na kinyago.

"Kioo cha kinyago kina namba," alisema. "Kwa fito hizi za kuchomelea tunatumia namba kumi au kumi na moja. Kikiwa na ufa, usikivae."

Cheche akavaa. Ikawa giza totoro.

"Mwalimu, mbona sioni kitu? Hata mkono wangu siuoni!"

"Tulia. Gusisha ufito kwenye chuma kama unawasha kiberiti. Na leo usifumbe."

Akagusisha. Macho yalitaka kufumba yenyewe, kwa mazoea. Akayakatalia.

Mbele yake kukatokea kidimbwi kidogo. Kilikuwa cha chuma. Chuma kile kile alichokibeba begani, akakikata, akakipiga nyundo mpaka mikono ikaota sugu, sasa kilikuwa maji. Kilikuwa cheupe kwa moto, kinazunguka taratibu, kinatetemeka ukingoni kama maziwa yanayokaribia kufura. Vipande viwili vilikuwa vikiingia humo kutoka pande mbili, na nyuma ya kidimbwi vilitoka kitu kimoja. Akasogeza mkono kidogo, kidimbwi kikamfuata. Akasimama, kikapanuka na kumngoja.

Ufito ukaisha. Giza likarudi. Cheche hakuinua kinyago.

"Umechoka?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana. Mwalimu, kitu hiki kimekuwapo siku zote?"

"Siku zote. Kila ulipowasha moto."

Cheche alilia ndani ya kinyago, mtu mzima na ndevu zake. Alilia kwa furaha, na kwa uchungu wa miaka aliyoipitisha karibu na kitu hiki bila kukiona.

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akamgongea ganda jeusi lililofunika mshono. Chini yake mlikuwa na mistari midogo iliyolaliana kama magamba ya samaki.

"Usifuate mwanga," alimwambia, "wala usifuate mlio. Tazama kidimbwi. Kikiyeyusha pande zote mbili, vyuma vimeungana. Kikikaa upande mmoja, umepaka tu."

Kuona hakukumfanya hodari siku hiyo hiyo. Mwalimu alibana kipande chake kwenye jiliwa, akakipiga nyundo ili kukipinda. Kikakatika kwenye mshono. Cheche akaanza upya. Alijifunza kusaga kutu kabla ya kuunga, si kusaga mshono baada ya kuunga. Alijifunza kwenda na moto bila haraka. Vipande vilikatika jioni nyingi, na fundi baiskeli wa kibanda cha pembeni alimtania kwamba anatengeneza vyuma vya kuchokonolea meno. Hatimaye jioni moja nyundo ilipiga, chuma kikajikunja, na mshono ukabaki mzima. Yule yule fundi baiskeli ndiye aliyepiga vigelegele, na karakana nzima ikamcheka.

Cheche akajenga stendi mpya. Alisafisha kila ncha mpaka chuma king'ae. Aliweka vyuma vya mshazari ili miguu isiyumbe. Mishono akaiacha ionekane. Walipojaza tanki, hakuruhusu mtu kusogea mpaka likae siku kadhaa limejaa. Baada ya hapo alipita nyumba kwa nyumba kukagua stendi alizowahi kuunga. Wengine walimcheka: "Cheche amekuwa mwanafunzi!" Alicheka nao, kisha akachomelea upya palipokuwa pabovu.

Mchana mmoja mkewe alimletea chai pale kwenye kipaa. Tangu aolewe alikuwa akiambiwa ageuze uso moto unapowaka. Safari hii mumewe alimpa koti, glavu na kinyago cha pili.

"Vaa, mama. Simama hapa kando yangu."

"Mbona giza, baba?"

"Ngoja."

Akawasha. Mkewe alishtuka, akamshika nyuma ya koti. Kisha akatulia tuli. Cheche alikipeleka kidimbwi taratibu, kutoka mwanzo wa kiungo mpaka mwisho, na mke wake akakitazama chote. Ufito ukaisha.

"Ndicho ulichokuwa unakifanya miaka yote?" aliuliza ndani ya giza.

"Ndicho," Cheche alisema. "Na mimi nilikuwa sijakiona."

Mkewe hakuvua kinyago. Chai ilikuwa inapoa juu ya benchi.

"Washa tena," alisema.