Kisu Kilichomkataa Nankondo

Kisu kilikuwa kimelala mezani, kimejikunja, hakizidi urefu wa kidole cha mtu mzima. Mwanamieleka mmoja mwenye shingo nene alipanda jukwaani, akakibana, akakivuta, akakipigiza kwenye meza mpaka jasho likamtoka. Kikabaki kimefumba. Kisha kikasema kwa sauti ndogo yenye adabu zake, "Samahani. Mkono huu haujatambulishwa."

Ukumbi mzima wa maonyesho jijini Dodoma ukaangua kicheko. Mhandisi Nakijwa Mrutu, mwanamke mwembamba aliyekibuni kisu hicho, akakiokota kwa vidole viwili tu, akakibonyeza kidogo, na makali yakafyatuka. Akanyoosha kipande cha uzi-buibui, ule uzi wa maabara ambao panga linauramba tu na msumeno unauchezea, akaukata kama mtu anayekata mchicha. Watu wakapiga makofi wakiwa wamesimama.

Hicho ndicho kisutambuzi. Mpini wake umevikwa ngozi-hisi, utando unaosoma joto la kiganja, michirizi yake na mapigo ya damu. Ndani ya mpini kuna punje ya akili mnemba, ndogo kuliko chembe ya ulezi, nayo ndiyo huamua kisu kifunguke au kisifunguke. Mkono wa kwanza kukishika kikitoka kiwandani ndio unakuwa mwenyewe. Mwenyewe akitaka kumwazima mtu, wanakishika wote wawili kwa pamoja, muda wa pumzi moja, na kisu kinampokea yule mgeni. Nakijwa aliuita mpango huo salamu ya mikono. Lakini kikitua mahali pasipo na mkono, kinajifumba na kujihesabu kuwa kimepotea, na hapo hakimfungukii mtu ila mwenyewe.

Kulikuwa na sababu ya ukali wote huo. Miaka ile vijana wa mijini walikuwa wakichomana visu kwa wivu, kwa simu, kwa neno moja la kejeli, na visu vyenyewe vilikuwa vya kuokota au vya kunyang'anyana. Kisutambuzi kilipoingia mifukoni mwa watu, wodi za majeruhi zikaanza kupumua. Fundi umeme alikuwa nacho, mpishi alikuwa nacho, muuza mananasi alikuwa nacho. Watu wa matangazo, ambao kazi yao ni kutia chumvi hata palipokolea, wakakitungia maneno yaliyoimbwa kila redio: "Kisu kinachoujua moyo wako." Nakijwa alilalamika kikaoni kwamba kisu hakijui moyo wa mtu, kinajua ngozi. Wakamcheka kwa upole. Akanyamaza, maana hakuwa mtu wa kushindana kwa maneno, na kikao kikaendelea.

Kisu cha kwanza kabisa alimpa kaka yake, Mbazi, ambaye ndiye aliyemsomesha. Mbazi alikuwa mchunga tiara katika mbuga za Same, kule ambako upepo unateremka kutoka Upareni kama uliofungiwa siku nyingi. Tiara za umeme, kila moja pana kama paa la kanisa, huruka juu sana, zikivuta nyuzi-buibui zinazozungusha magurudumu ya kufua umeme ardhini. Kazi ya mchunga tiara ni kuzirusha, kuzishusha, na kukata uzi unapojisokota. Kwa kazi hiyo hapakuwa na kifaa bora kuliko kisutambuzi.

Nacho ndicho kilichokuwa kiunoni mwake siku aliyokufa.

Nakijwa alifika Same kwa treni ya mchana, macho yamemvimba, akakuta turubai limeshafungwa na kinamama wamekaa mikekani. Alimlilia mama yake, mama yake akamlilia, kama inavyopasa. Lakini kilio kilipotulia mama alimshika kifundo cha mkono akamvuta kando.

"Nakijwa, mimi sikusoma. Wewe umesoma. Kile kisu chako si kinaujua moyo wa mtu?"

"Mama, yale ni matangazo tu."

"Matangazo gani? Dunia nzima inajua. Mwanangu amenaswa na uzi, anakabwa, mkewe yuko pale pale na kisu anacho mkononi. Kisu kinamkataa! Mara tatu kinamkataa. Kwa nini?" Sauti ya mama ilipasuka. "Kimeona nini ndani yake?"

"Mama, hakioni kitu. Kinasoma ngozi."

"Basi niambie kwa nini kilimkataa."

Nakijwa hakujua. Tangu apigiwe simu alikuwa akijiuliza jambo hilo hilo, na kila akilipekua linamtoka. Mama akatikisa kichwa, akarudi mkekani. Kesho, baada ya mazishi, ukoo ungekaa kikao, na lililokuwa likinong'onwa lilikuwa wazi: Nankondo, mke wa marehemu, arudi kwao Gonja peke yake. Mtoto wake, Eliapenda, abaki kwa kina Mrutu, asilelewe na mkono uliokataliwa na kisu.

Nankondo mwenyewe alikuwa jikoni nje, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, khanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Mfiwa hukaa katikati ya wenzake. Huyu alikuwa amekaa na masufuria. Nakijwa aliuona uchungu huo. Akaketi chini karibu naye.

"Wifi, pole."

"Pole na wewe, wifi. Ni kaka yako."

Kisha Nakijwa akasema, "Nieleze ilivyokuwa. Siulizi kama wanavyouliza wale. Kisu nilikitengeneza mimi, nataka nijue kilifanya nini."

Nankondo alizungumza akitazama majivu. "Radi ilikuwa imepiga mtambo mkuu, tiara hazisikii amri. Akatoka kuzishusha kwa mkono. Nikamsikia anaita. Nakuta uzi umemzunguka kifuani na mkono wa kushoto, umembana kwenye gurudumu. Kifuani umezama hata ncha ya kisu haipenyi, pa kukata ni kwenye fundo tu, nalo liko mgongoni. Mkono wa kulia uko huru lakini mgongoni haufiki. Nikakimbilia panga. Wifi, lile panga lilikuwa linadunda! Nikalitupa. Akaniambia, tulia mama Eliapenda, kisu ninacho. Akakitoa, kikafunguka vizuri kabisa, akaniwekea, nacho kikajifumba. Nikakiokota. Kikasema samahani."

"Alikuwekea wapi?"

"Kwenye jiwe, pale ubavuni pake. Nikamrudishia kwenye jiwe, akakiokota. Kwake kinafunguka. Akaniwekea tena, kikajifumba tena. Kikasema samahani. Upepo nao unazidi, uzi unaingia. Mara ya tatu hakuwa na nguvu ya kukifungua, alikisukuma tu kwa vidole. Nikakibana kwa meno, wifi. Kwa meno!"

Nakijwa akagusa kisu chake mwenyewe kiunoni. "Hakukupa mkononi."

Nankondo akageuka kumtazama, kwa mara ya kwanza, kama anayemwona mtu aliyechanganyikiwa. "Mkononi? Wewe umelelewa wapi? Nani anampa mtu kisu mkononi?"

Hakuna. Katika nyumba ile, na katika kila nyumba ya Wapare aliyowahi kula ndani yake, kisu hakipokezanwi. Unakiweka chini, mwenzio anakiokota. Wakipokezana ndugu, watagombana. Wakipokezana mume na mke, wataachana. Hata yeye, mwenye shahada zake tatu, siku aliyompa Mbazi kile kisu alikiweka mezani kikiwa ndani ya kisanduku chake cha kiwandani, na Mbazi akakiokota, nacho kwa kuwa hakikuwa kimeshikwa na mkono mwingine kikamkubali; karatasi ya maelekezo ikabaki kisanduku bila kusomwa. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kama mtu asivyofikiria namna anavyomeza mate. Kule maabara salamu ya mikono ilijaribiwa na mikono ya roboti, ikapokezana kisu usiku na mchana bila kukosea hata mara moja. Roboti hazikulelewa na bibi.

Aliwaza mambo mengi kwa dakika moja. Aliwaza jina lake, na visutambuzi vyote vilivyomo mifukoni mwa watu wanaoweka visu chini. Aliwaza kwamba mfiwa huyu anaweza kuondoka hapa kesho bila mtoto. Akaona njia ni moja, na akaiona ni njema. Ajabu ya watu waliosoma ni kwamba wakishaupata ukweli hudhani kazi imekwisha.

"Inuka, wifi. Twende kwenye turubai."

Alimshika mkono akamwingiza katikati ya mikeka. Minong'ono ikakatika. Palikuwa na gunia la mchele la kupikia waombolezaji, limeshonwa mdomo kwa kamba. Nakijwa akatoa kisu chake mwenyewe kiunoni, akakiweka mkekani mbele ya mama yake.

"Mama, tufungulie gunia hili."

Mama alimtazama kwa hasira na mshangao, lakini watu walikuwa wanaangalia, na gunia kweli lilikuwa linangoja. Akakiokota. Akakibonyeza.

"Samahani," kisu kilisema. "Mkono huu haujatambulishwa."

Mtu mmoja akaguna. Mama akakiachia kama aliyeshika kaa la moto.

"Kumbe na mama ana moyo mbaya?" Nakijwa aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha. Akakiokota, akamnyooshea mkononi. "Sasa kipokee hapa. Usisubiri nikiweke."

"Nakijwa! Kisu? Tena mbele ya maiti wa nduguyo? Unataka tugombane hadi kaburini?"

"Tutagombana baadaye, mama. Kipokee."

Mkono wa mama ulikuja polepole. Vidole viwili vikagusa mpini, vikasita, kisha kiganja kizima kikaufunika, juu ya vidole vya binti yake. Pumzi moja ikapita, mama akabonyeza. Makali yakafyatuka.

"Ndivyo kinavyoazimwa," Nakijwa alisema, na hapo machozi yakamshinda. "Mkono kwa mkono. Niliagiza hivyo mimi, nikasahau sisi ni watu gani. Kaka alikiweka chini kwa sababu alilelewa vizuri. Wifi alikiokota kwa sababu alilelewa vizuri. Hakuna moyo uliopimwa pale. Kosa ni langu, mama. Mwenye kulaumiwa ni mimi."

Kisha mama akakiacha kisu kikaanguka juu ya gunia, akasota kwa magoti mpaka alipokuwa Nankondo, akamkumbatia kiunoni. "Mwanangu, nisamehe. Nisamehe, mama wee. Mdomo wangu huu!" Kinamama wakasogea, wakampisha Nankondo nafasi ya mfiwa, katikati, wakamvua khanga usoni wakamfuta. Mmoja akamleta Eliapenda akamweka mapajani mwa mama yake. Kuhusu kikao cha kesho na safari ya Gonja, hakuna aliyethubutu kugusia tena.

Nakijwa alisimama pembeni akashusha pumzi. Kwa dakika chache, na katikati ya msiba ule, alihisi kitu kinachofanana na faraja. Alikuwa amempoteza kaka, lakini walau alikuwa amemrudishia mke wa kaka jina lake na mtoto wake.

Jioni ilipokaribia, wageni wakiwa wamekwenda kunawa, Nankondo alimfuata nyuma ya nyumba. Mtoto alikuwa amemlalia begani.

"Wifi, nionyeshe tena."

"Nikuonyeshe nini?"

"Ile salamu."

Nakijwa hakutaka, lakini hakujua namna ya kukataa. Akatoa kisu, akakinyoosha. Nankondo akaushika mpini kwa mkono wake ulio huru. Mikono yao ikakutana. Akabonyeza, kisu kikafunguka, bila samahani, bila neno.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, wifi."

"Muda wote huo?"

"Pumzi moja."

Nankondo aliyatazama makali kwa muda mrefu. "Nilikuwa nimemshika bega," alisema. "Wakati anakiweka kwenye jiwe, mara zote tatu, mkono wangu mmoja uko begani kwake. Ningeuteremsha hivi tu." Akauteremsha mkono hewani, kidogo, kama anayempapasa mtu. "Hapa kwenye kiganja. Angekuwa ndani sasa hivi, anadai chai."

"Wifi, hukujua. Hakuna aliyejua. Ndiyo maana nimesema kosa ni langu."

"Nimekusikia." Hakuwa na hasira. Alimrudishia kisu, na alikirudisha kwa kukiweka chini, kwenye ukingo wa kisima, kisha akamweka mtoto sawa begani. "Wao walisema nina moyo mbaya. Mimi najua sina, kwa hiyo nilikuwa nawasikiliza tu. Ungeniacha na yale maneno yao, wifi. Yale ningeyazoea."