Pafu la Elkanah

Leonida alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, ufuoni mwa kisiwa cha Rusinga. Nyumbani, mumewe Elkanah alikuwa akikohoa. Kikohozi kilimsumbua tangu mvua zianze. Akizidiwa, alinunua vidonge vichache vya antibiotiki dukani. Akipata nafuu, aliviacha. Homa ikirudi, alijaribu vingine.

Leonida alipoingia, alimkuta ameshika ubavu, midomo imepauka.

"Mama Celestine," Elkanah alisema kwa shida, "pumzi haiingii."

Jirani yao Omanga aliwapeleka hospitali kwa gari lake. Picha ya kifua ilionyesha pafu moja limenywea. Daktari Bhoke akamwekea mrija ubavuni. Hewa na usaha vikatoka. Lakini siku zilipita, hewa ikazidi kuvuja, na homa ikakataa kushuka.

"Ni nimonia," Bhoke alimweleza Leonida. "Vidudu vyake vimekuwa sugu, dawa za kawaida haviziogopi tena. Vimetoboa pafu. Usaha nao umeganda, umelibana lisifunguke. Tumebadilisha dawa kufuata majibu ya maabara, lakini dawa peke yake haitoshi. Lazima tumpasue, tusafishe kifua na tuzibe tundu."

"Mkimfungua kifua, atapumua na nini?"

"Mashine itamsaidia akiwa usingizini. Sitakudanganya, mama. Upasuaji huu una hatari. Kumwacha hivi ni hatari zaidi."

Elkanah alisikia yote. Akafumba macho. "Nisipoamka, Celestine asitolewe shule."

"Utamsomesha mwenyewe," Leonida alijibu.

Elkanah akakubali kupasuliwa.

Leonida alingoja nje. Alitaka kuomba, maneno yakakosa kuja. Alilitaja tu jina la Mungu, tena na tena, mpaka Bhoke akatoka amevua barakoa.

"Pafu limefunguka. Sasa kazi ni yenu. Avute pumzi ndefu kila siku, hata kukiuma. Dawa anywe jinsi tulivyomwandikia, asikatize kwa sababu anajisikia mzima. Na msinunue antibiotiki bila kupimwa."

Elkanah alirudi nyumbani amekonda, na kovu refu ubavuni. Ziwani kuvua samaki hakuenda kwa muda mrefu.

Siku moja Celestine aliamka na homa, akihema haraka haraka. Mama mmoja jirani akaleta vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwake.

"Asante, shemeji, lakini hapana," Elkanah alisema. "Huyu atapimwa kwanza."

Akamshika binti yake mkono. Walitembea polepole, baba akisimama mara kwa mara kuvuta pumzi, mpaka wakafika kliniki.