Hadithi Iliyobadilishwa Kitambaa

Enyi wazazi, na ninyi vijana mtakaokuwa wazazi, sogeeni. Habari hii si ya mbali. Ni ya nyumba ambayo mpita njia huisikia kabla hajaiona, kwa sababu mlangoni pake kuna fundi makochi anayegonga misumari tangu asubuhi.

Mchana mmoja fundi huyo alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, midomo imebana misumari midogo, mkono mmoja ukivuta kitambaa na mwingine ukigonga. Nyuma yake, ndani ya kiti kikuukuu, binti yake alikuwa amejikunja kama paka, karatasi magotini, anaandika. Mtaa mzima ulimwita Chiriku, maana tangu aanze kusema hakuwahi kunyamaza. Hata akiandika alijisemea. Baba yake alimsikia akinong'ona, akatabasamu na misumari yake mdomoni. Nyumba ilikuwa shwari.

Kiti kile kilikuwa cha mama. Mama alikuwa amekwenda nchi ya watu kumtunza bibi wa watu, akasema ni kwa muda mfupi, na muda ule ukazidi kurefuka. Kiti kikabaki. Upande wa kulia, pale alipozoea kuegemeza kiwiko akipiga gumzo, kitambaa kililika mpaka sponji likachungulia. Kinyozi wa jirani hakuchoka kumtania fundi. "Makochi ya watu unayavalisha suti," alisema, "kiti chako mwenyewe kinatutolea ulimi."

Fundi alicheka, lakini maneno yalimchoma. Mara nyingi alitaka kukibadilisha kitambaa. Kila alipokisogelea na mkasi, Chiriku alikwenda kukikalia, akauliza mama akirudi atakitambuaje.

Kila Jumapili mama alipiga simu. Maongezi yalikuwa yale yale: umekula, umesoma, mvua imenyesha huko? Lakini siku moja alisema jambo lililomkaa binti yake kifuani.

"Mwanangu, nyumba imeanza kunitoka. Nikifumba macho nauona mlango, halafu sioni tena. Hebu nisimulie kilichomo."

Kabla Chiriku hajafungua mdomo, simu ilikatika. Alibaki ameishika sikioni.

Wiki ile ile mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani na tangazo la shindano la kuandika hadithi kwa wanafunzi. Kila mtoto aandike hadithi yake mwenyewe. Watakaovuka mchujo wataitwa maktaba ya mji, na washindi watakwenda kusoma kazi zao redioni kwa sauti zao. Redio hiyo ilisikika hata kwenye simu, hata nchi za mbali. Wenzake walianza kuota zawadi. Chiriku alilishika neno moja tu, redioni. Mama angesikia. Angeketi huko aliko, afumbe macho, na nyumba ingemrudia yote.

Ndiyo maana mchana ule alikuwa amejikunja kitini. Alipomaliza, alimpelekea baba karatasi zake kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa maji.

Fundi alisoma akiwa amesimama. Msimchukie mapema. Hakuwa mlevi, hakuwa mkali. Alitolewa shuleni mapema, na tangu hapo alikuwa na uchu wa maneno. Maneno makubwa ya taarifa ya habari aliyaokota mmoja mmoja akayahifadhi, adhimu, madhubuti, aushi, mpaka kwa kinyozi wakamwita Profesa. Kwenye kioo cha kinyozi huyo kulikuwa na picha ya mpwa wake akipokea tuzo ya hesabu. Kila mara fundi aliponyolewa, ile picha ilimkodolea macho.

"Sasa hii ni hadithi ya kiti?" aliuliza.

"Ya mama, baba."

"Mama yuko wapi humu? Naona kiti tu. Kimechanika, kinatoa sponji." Alimtolea tabasamu, kwa upendo kabisa. "Mwanangu, nani atasoma habari za kiti kibovu? Niachie. Fremu yake si mbaya. Tutaibadilisha kitambaa."

Akafanya kama anavyofanya kochi. Aliivua hadithi yote, akatupa kilichochakaa, akabakiza mbao. Mama akageuka malkia, kiti kikageuka kiti cha enzi cha dhahabu, na binti anayesubiri akawa shujaa anayeangamiza jeshi. Kila sentensi ilivalishwa neno adhimu. Alipomaliza alimwita Chiriku akaisomea sebule nzima, jasho likimtoka kwa furaha. Chiriku alisikiliza mpaka mwisho, akatafuta kiti cha mama ndani ya yale maneno, asikione.

"Mama ataelewa?" aliuliza.

"Mama atajivunia," baba akajibu. "Nakili kwa mwandiko wako."

Akanakili. Usimwone mjinga, ndugu msomaji. Alikuwa mtoto, na baba yake alikuwa anang'aa. Akajiambia kwamba kama haya ndiyo yanayofika redioni, basi yale ya kwake yalikuwa ya mezani tu. Karatasi zake za kwanza zilibaki juu ya meza ya kazi. Zilikuwa ngumu, na upande mmoja mtupu. Kesho yake fundi alihitaji karatasi ya kukatia, ile inayochorwa umbo la mkono wa kochi, ikakatwa, kisha ikalazwa juu ya kitambaa ili mkasi uifuate. Akaokota zilizo karibu.

Mwalimu aliipokea hadithi, akaisoma, akainua nyusi. Alimjua Chiriku. Lakini shule haikuwahi kupata mshindi, na mwalimu mkuu alikuwa anauliza. Akaituma.

Mchujo ulipotangazwa, Chiriku alikuwamo. Fundi hakupita tu mlangoni kwa kinyozi, aliingia akaketi, akaomba anyolewe taratibu. Jumapili mama aliposikia, sauti yake ilibadilika. Alisema ataomba ruhusa siku ya redio, atavaa visikizi masikioni, ataifunga milango ya chumba chake. "Nisomee kidogo sasa hivi," akaomba. Chiriku akasema asubiri redioni. Hilo alilisema akiwa ameitazama sakafu.

Siku ya maktaba, baba na mwana walikwenda wamepiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Wazazi waliambiwa wabaki barazani. Ndani, mhariri mmoja wa vitabu, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwagawia watoto karatasi tupu. Akawaambia sharti la mwisho: kila mmoja aandike, hapo hapo, juu ya kitu kimoja cha nyumbani kwao ambacho asingekubali kiondolewe.

Mnaona? Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na aliyetakiwa kuingia alikuwa yeye.

Chiriku alishika kalamu. Kiti kilimjia mara moja, na kiwiko cha mama juu yake, na harufu ya mafuta aliyojipaka mikononi. Kisha akasikia sauti ya baba. Akakisukuma kiti pembeni, akajaribu kumkumbuka malkia. Akaandika, "Katika himaya adhimu," akafuta. Akaandika tena, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Wenzake waliinama wakiandika. Yeye alitazama kile kitundu.

Mhariri alipozikusanya, aliinama karibu yake, akamwuliza kwa upole, "Ile hadithi uliyotutumia, uliiandika wewe?"

Chiriku hakutaka kumwaibisha baba yake, na hakutaka kusema uongo. "Jina ni langu," akajibu.

Barazani fundi alimwona mhariri akija, akasimama, akaweka kola sawa. Alidhani anapongezwa.

"Baba Chiriku," yule mama alisema, "hatutamtangaza mwanao vibaya, ila tumemwondoa. Nimemwuliza kwenu kuna kitu gani. Ameniambia kuna kiti cha mama yake. Akakisimulia mpaka nikakiona. Nikamwambia, sasa mbona hukuandika hayo? Unajua alinijibu nini?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Alisema, nani atasoma habari za kiti kibovu?"

Fundi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukuwa na neno humo, kubwa wala dogo.

Walirudi nyumbani. Fundi akaingia moja kwa moja kwenye karakana, akapekua rundo la karatasi za kukatia, akavuta hii, akatupa ile, mpaka akazipata. Hazikuwa kurasa tena. Zilikuwa mikono ya makochi, imepinda kama mwezi mchanga, maandishi ya mwanawe yakikimbilia ukingoni na kuishia hapo. Vipande vilivyokatwa vilikwishafagiliwa zamani.

Jumapili simu ililia. Mama alikuwa amejifungia chumbani kama alivyoahidi, hajaambiwa lolote. Alisema amefungua redio, wamesoma watoto wengine, labda hakusikia vizuri. Chiriku alimsalimu. Kisha akampa baba simu.

"Msomee mama wewe," baba alimsihi mwanawe kwa sauti ya chini, "wewe mwenyewe, mwanangu. Hizi hapa. Palipokatika jazia. Unayakumbuka."

Chiriku alizitazama zile karatasi zilizopinda.

"Malizia wewe, baba. Wewe ndiye unayejua maneno."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, fundi angepata pa kushika.

Basi akasoma yeye. Alisoma polepole, kwa maneno ya mtoto, madogo madogo, na kila moja lilimpita kooni kama msumari. "Kiti cha mama kipo dirishani. Baba anataka kukivisha, mimi nakikalia. Upande wa kulia kimelika, na nikiweka kiwiko changu pale, nahisi..."

Karatasi iliishia hapo.

"Unahisi nini?" mama aliuliza kutoka mbali. Alikuwa analia. "Anahisi nini, baba Chiriku? Endelea. Nimeuona mlango, nimeliona dirisha. Endelea."

Fundi aligeuka. Mlango ulikuwa wazi na binti yake hakuwapo.

FUNZO

Mzazi, mtoto akikuletea hadithi yake, isome ilivyo. Usipoelewa, mwulize, akikosea, mwelekeze, lakini usimwandikie, hata kama unampenda, hasa kama unampenda. Na wewe mwalimu uliyeinua nyusi ukakaa kimya kwa ajili ya jina la shule, nawe unahusika. Mnapoipigania tuzo kwa mkono wenu, mnawanyang'anya watoto sauti zao, na sauti ikishakatwa hakuna fundi wa kuiunga.

Kiti bado kipo dirishani, sponji nje. Fundi hakigusi tena na kinyozi hamtanii tena. Kila jioni, Chiriku akisharudi kutoka shule, huweka juu yake karatasi tupu na kalamu, kisha hurudi kugonga misumari yake, taratibu, akitega sikio kama atasikia mtu akinong'ona nyuma yake. Bado hajasikia.