Mstari Uliokataa Kufa

Mke wa fundi cherehani alirudi saa kumi na moja jioni. Akakaa kwenye kiti cha wateja bila hata kuvua mkoba. Mumewe alimtazama mara moja, akaendelea kushona. Walikuwa wameoana miaka tisa. Alijua maneno yatakuja yenyewe.

Mwanamke huyu alikuwa mpimaji katika maabara. Alipima kipande cha fuwele, jiwe linalong'aa, dogo kama ukucha. Kilikaa ndani ya mtambo wenye baridi kali. Fundi wa mtambo huo alidai kwamba hata uvivu ukiingia humo huganda.

"Kesho ni siku yangu ya mwisho," alisema hatimaye. "Nisipopata jibu, mtu mwingine atapewa mtambo. Miaka minne imekwenda na maji."

Tatizo lilikuwa mstari kwenye skrini. Ulitakiwa ufike mahali fulani, ufifie, ufe. Mahali hapo palibandikwa utepe mwekundu tangu enzi za bosi wa zamani. Chochote kilichoonekana ng'ambo ya utepe kiliitwa uchafu, kikafutwa. Ndivyo walivyofundishana. Sasa uchafu ulikuwa umezidi. Mpimaji alibadilisha nyaya mara tatu, na uchafu ukabaki palepale. Alitaka aandike kwamba mtambo ni mbovu, kisha apumzike.

Shangazi wa mumewe alikuwa pale akisubiri gauni lake. Alikuwa mwalimu wa sayansi aliyestaafu, mdomo wake hauna breki. Baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza mstari huo ni wa nini.

Mpimaji alieleza kwa sauti ya uchovu. Ndani ya fuwele kuna chembe nyingi mno, zimebanana. Ukizipa nishati, mtikisiko hupita kati yake na kutembea kama kitu kimoja. Mtikisiko huo huitwa chembe bandia. Si chembe ya kweli, ila hutembea kama chembe. Ukizidisha nishati, hupasuka kuwa midogo miwili, nao wa kwanza hutoweka, na mstari wake kwenye skrini hufa. Vitabu vinasema hivyo.

"Vinasema hivyo pale chembe zinaposukumana kidogo," shangazi alisema. "Zikisukumana sana je, mwanangu?"

Mpimaji akavua mkoba begani.

Basi shangazi akasimulia siku aliyokwenda kuchukua cheti ofisini. Watu mia tatu, dirisha moja. Alitaka kupenya katikati. Wangesukumana kidogo, angeingia, na humo ndani angechanwa vipande. Lakini walisukumana kwa nguvu mno, hata katikati hapakumpokea. Wakamtupa pembeni. Akateleza na ukuta mpaka dirishani.

"Nilifika mzima," alisema. "Na vifungo vyangu vyote, na kimoja cha mtu mwingine."

Fundi cherehani alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Mkewe hakucheka.

"Shangazi, unasema msukumo uleule wa kuipasua chembe bandia ndio unaoiweka mbali na mahali pa kupasukia?"

"Si kila mara, lakini inawezekana. Ila usiniamini mimi, nimedanganya tangu asubuhi. Kapime mtambo mtupu, bila fuwele. Uchafu wa mtambo utabaki. Kilicho cha fuwele kitaondoka na fuwele."

Asubuhi mpimaji alibandua utepe. Akatoa fuwele, akapima mtambo mtupu. Ng'ambo hapakuwa na kitu. Akairudisha fuwele, akasubiri baridi irudi kwa saa tatu, miguu ikimuuma. Akapima tena. Mstari ulipanda, ukakaribia mpaka wake wa kufa, ukapinda. Ukaendelea pembeni mwa mpaka huo, mwembamba lakini hai. Alirudia mara mbili. Mara zote ulikuwepo.

Alimwita bosi. Bosi alitazama sana, kisha akauliza ni mistari mingapi ya namna hii imefutwa.

"Mimi peke yangu, mia mbili na kumi."

Bosi akavuta kiti, akakaa. Halafu akasema tangu leo hakuna kufuta kitu kabla ya kupima mtambo mtupu. Na zamu ya mpimaji akaiongezea miezi miwili.

Nyumbani mumewe alimwandalia maji ya kuoga. Akamuuliza kama amefurahi.

"Nimefurahi," alisema, macho tayari ameyafumba. "Ila niache nilale kwanza. Hiyo furaha yenyewe nitaifanya kesho."