Kitana Ndani ya Chupa

Dobi huamka na mkaa. Anaujaza kwenye pasi, anaupuliza, kisha anaanza kunyoosha nguo za watu: mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya zahanati, sare za shule. Chumba chake ni kimoja, na kamba ya kuanikia inakatiza uani kutoka ukuta hadi ukuta. Zamani ungemsikia akitania wateja. "Fulana yako hii, bwana, imeona mengi kuliko wewe!" Siku hizi hata salamu anaijibu kwa shida. Mkewe aliugua, akalazwa, hakurudi.

Mama huyo aliacha mtoto wa miaka mitano. Wanamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Shangazi yake, yaani dada yake dobi, amehamia hapo ili amlee.

Nyumba ya dobi ina sheria moja: udongo usiingie. Lakini kila asubuhi Kidoti alichota maji ya kusuuzia kwa kikombe, akaenda kuyamwaga nyuma ya ukuta, mahali palepale. Alirudi na matope hadi viwikoni. Mvua ikinyesha alikaa hukohuko. Chakula alikiacha. Homa ilimshika, ikamwachia, ikarudi. Mashavu yakabonyea. Na lililomtia dobi hofu kuliko yote ni hili: tangu mazishi, mtoto hakuwa amelia hata mara moja.

"Nitampoteza na huyu," dobi alimwambia dada yake.

Siku moja Kidoti alipita mbio kati ya nguo, akagusa koti la zahanati. Vidole vya matope vikabaki kwenye kitambaa cheupe.

"Wee mtoto!" dobi alifoka. "Huko nyuma kuna nini? Kuanzia leo marufuku kutoka humu!"

Kidoti alimtazama tu. "Basi nani atamwagilia?"

Jirani yao, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekuja kuchukua nguo zake. Akaweka kikapu chini.

"Unamwagilia nini, mwanangu? Twende ukanionyeshe."

Wote walimfuata. Nyuma ya ukuta palikuwa na tuta dogo la udongo.

"Umepanda nini hapa?" mwalimu aliuliza.

"Kitana cha mama. Kina nywele zake."

"Ili iweje?"

"Ili mama achipue. Shangazi alisema mama amewekwa ardhini kama mbegu."

Shangazi akajiziba mdomo. "Jamani! Nilisema tu ili anyamaze. Siku ile ya mazishi aliuliza, akauliza, akauliza. Ningemwambia nini?"

Sisi wakubwa, bwana! Tunarusha neno tukidhani mtoto atalisahau, kumbe yeye amelibeba, analala nalo na kuamka nalo.

"Ulitaka kumfariji, dada," mwalimu alisema. "Lakini mtoto wa umri huu hulichukua neno kama lilivyo. Lazima aambiwe kweli."

"Mtoto mdogo hivi ataelewa nini?" dobi aliuliza kwa hasira.

"Kwa maneno peke yake, kidogo. Kwa macho na mikono yake, mengi. Una maharage? Na chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana?"

Kidoti alichagua maharage mwenyewe. Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kuzungushia kitambaa chenye maji ndani ya chupa, kisha kupenyeza maharage kati ya kitambaa na kioo ili yaonekane. Chupa ya pili nayo ikawekwa kitambaa na maji vilevile, na kitana kilichofukuliwa.

"Kitambaa kiwe na unyevu tu," mwalimu alisema. "Maji yakijaa, mbegu zitaoza. Haya Kidoti, unadhani kutatokea nini?"

"Vyote vitachipua."

"Tutaangalia."

Dobi alimkazia macho. "Mbona humwambii?"

"Mwache aone. Kila asubuhi achore anachokiona, si anachokitaka. Nawe ukae naye. Usimshike mkono, usimsahihishe. Muulize tu: leo kuna nini kipya?"

Kalamu hawakuwa nazo. Kidoti alichora kwa mkaa uliopoa wa pasi, kwenye maboksi ya sabuni.

"Limevimba, baba."

"Enhe. Na hili?"

"Ganda limepasuka. Limetoa mkia!"

"Huo ni mzizi," alisema mwalimu alipopita. "Unashuka chini kutafuta maji."

Kila siku Kidoti alichora pia kitana, jino kwa jino. Kilikuwa kilekile. Akawa anakandamiza mkaa mpaka boksi linachanika.

Kisha harage moja likawa jeusi, likanuka. Shangazi alitaka kulitupa.

"Liache kwanza," mwalimu alisema.

"Hili limekuwaje?" Kidoti aliuliza.

Mwalimu alimtazama dobi. Dobi akaisogelea chupa.

"Limekufa," alisema. Neno hilo hakuwa amelitamka tangu atoke hospitali.

"Mbona nililimwagia maji kama mengine?"

"Najua. Nilikuona."

"Na kitana nilikipa maji. Mengi." Sauti ya mtoto ikashuka. "Au yalikuwa machache?"

Dobi akapiga magoti. "Hapana, mwanangu. Kitana si mbegu. Mama naye si mbegu. Mama amekufa. Ugonjwa ulimshinda. Hapumui, hasikii baridi wala njaa. Hatarudi. Na wewe hukukosea kitu."

"Hata nikimwagilia kila siku?"

"Hata ukimwagilia kila siku."

Ndipo Kidoti akalia. Alilia mpaka majirani wakatoka milangoni. Dobi alimkumbatia, mkaa ukampaka shati lote, naye akalia. Shangazi alikaa kando yao akirudia, "Nisamehe, mwanangu." Kilio kilipokwisha, mtoto alisema ana njaa. Alikula akamaliza sahani, akalala.

Maharage waliyahamishia kwenye lile tuta. Majani yalipofunguka, mwalimu alimwambia Kidoti achume moja, alilaze juu ya shuka kuukuu la mama yake, alifunike kwa karatasi, kisha aligonge polepole kwa jiwe laini. Umbo la jani likabaki kitambaani, kijani, na mishipa yake yote. Kidoti akagonga jingine, na jingine.

"Loo, mwalimu! Doa la jani halitoki!" alisema dobi.

"Ndiyo maana nikalichagua. Litafifia, liwe la kahawia, lakini litabaki."

Homa haikurudi tena. Nyumba bado ni kimya, na dobi bado hatanii mtu. Juzi mteja mmoja alisimama mbele ya kamba akacheka.

"Dobi mzima, na shuka lako limejaa madoa?"

Kidoti ndiye aliyejibu.

"Hilo halifuliwi. Ni la mama yangu. Amekufa."

Kisha akachukua kikombe chake, akaenda kumwagilia maharage.